Nguvu ya Betri Katika Simu za Kisasa: Nani Anayetunza Hazina?

(Mazungumzo kwa makatibu, watunza hazina na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Mada hii yaweza kuonekana ngeni katika mkutano wa ushirika. Watu waliozoea kujadili bei ya mazao, mgao wa pembejeo na taarifa ya mkaguzi wana haki ya kuuliza betri ya simu inahusiana vipi na chama cha msingi. Jibu ni jepesi. Sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa kwa daftari na baiskeli imehamia ndani ya simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi, 2007, na kuingia Tanzania mwaka 2008, malipo ya mkulima yamepata njia nyingine zaidi ya dirisha la keshia. Matangazo ya mikutano, habari za bei na picha za stakabadhi hupita njia hiyo hiyo. Simu ya katibu ikizimika saa nane mchana katika siku ya kupokea mazao, foleni husimama, wakulima huanza kunung'unika, na kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya siku mbili.

Iko hali nyingine iliyo mbaya zaidi. Simu haikuzimika, chaji ipo, lakini tangazo la mkutano lililotumwa asubuhi humfikia mwanachama jioni, mkutano ukiwa umekwisha. Mwanachama hudai kwamba hakuarifiwa. Katibu huapa kwamba alituma. Wote wawili husema kweli. Baadhi ya watu hulaumu betri, wengine muuzaji wa simu, wengine mnara wa mtandao. Aghalabu aliyetoa uamuzi ni mwingine kabisa, naye yumo ndani ya simu yenyewe. Huyo ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Kazi yake mojawapo ni kutunza nguvu ya betri, na kwa kazi hiyo hana tofauti kubwa na mtunza hazina wa chama. Yafaa basi afahamike: anapata wapi mamlaka, anatumia kanuni zipi, na anawajibika kwa nani.

HAZINA IMEKUA, MATUMIZI YAMEIPITA

Wengi waliopo wanaikumbuka simu ya Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani. Betri yake ilikuwa na ujazo wa miliampea-saa 850, na mwenyewe alikaa siku kadhaa bila kutafuta pa kuchaji. Simu nyingi za kisasa zina betri ya miliampea-saa 5,000, karibu mara sita ya ile, lakini zikifika jioni hudai chaji. Swali la kwanza la mtunza hazina yeyote lingekuwa hili: fedha zimeongezeka mara sita, zinakwenda wapi?

Simu ya zamani ilikuwa na kazi chache. Ilisikiliza mnara, ikapokea wito na ujumbe mfupi, na kioo chake kidogo kilizima taa mara tu mtu alipomaliza kusoma. Simu ya kisasa ni kompyuta kamili. Ina kioo kikubwa ambacho mwanga wake hula sehemu kubwa ya nguvu kila kinapowaka. Ina prosesa yenye viini kadhaa. Ina redio za mtandao wa simu, za Wi-Fi na za Bluetooth, na ina kifaa cha kupokea mawimbi ya satelaiti ili kujua mahali ilipo. Juu ya hayo zimo programu kadhaa za watu mbalimbali, na kila moja hutaka kuamka kila mara kuangalia kama kuna habari mpya.

Redio ya mtandao inastahili kutajwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa vyama vingi viko mbali na mji. Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza sauti yake, yaani kuongeza nguvu ya mawimbi inayoyatuma, na ikipoteza mtandao huanza kuutafuta tena na tena. Ndiyo sababu simu ile ile iliyomaliza siku nzima mjini humaliza chaji mapema ikiwa ghalani bondeni. Jambo la pili ni kwamba redio haizimiki papo hapo baada ya kutuma. Hubaki macho kwa sekunde kadhaa ikingoja kama kuna neno jingine. Programu inayotuma habari kidogo kidogo kila dakika humfanya mwenye simu alipie sekunde hizo kila mara. Lori la chama halipelekwi kiwandani kwa gunia moja la pamba. Hungoja mzigo ukamilike. Kanuni hiyo ya lori, kama itakavyoonekana, ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa utunzaji wa betri.

TABIA YA BETRI YENYEWE

Betri za simu hizi ni za ayoni za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani iliziingiza sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa wanasayansi watatu waliojenga msingi wake: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Ndani ya betri, chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine simu inapotumika, na hurudishwa zilikotoka inapochajiwa.

Safari hizo haziendi bure. Kila mzunguko wa kuchaji na kutumia huacha uchakavu mdogo, na baada ya mizunguko mia kadhaa betri haiwezi tena kubeba kiasi ilichobeba ilipokuwa mpya. Joto huharakisha uchakavu huo. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hueleza kwamba simu zake zimekusudiwa kutumika mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na kwamba joto linalopita hapo laweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja. Simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari, au chini ya bati mchana wa jua kali huku inachajiwa, huzeeshwa kabla ya wakati wake.

Betri inapochakaa hupoteza mambo mawili, wala si moja. La kwanza ni ujazo, na hilo kila mtu huliona. La pili halionekani upesi: hupoteza uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa ghafla. Mzee aweza kutembea mwendo mrefu kwa taratibu, lakini akitakiwa kukimbia hatua ishirini huishiwa pumzi. Vivyo hivyo betri kuukuu, ikidaiwa umeme mwingi kwa mara moja, volti zake hushuka na simu huzimika, hata kama kioo kilionyesha asilimia 30. Jambo hili likumbukwe, maana ndilo lililozaa kesi kubwa itakayoelezwa mbele.

WATUNZA HAZINA WAWILI

Simu nyingi duniani hutumia mmojawapo wa mifumo endeshi miwili. Mmoja ni iOS wa kampuni ya Apple, uliotoka na simu ya iPhone mwaka 2007. Wa pili ni Android unaosimamiwa na kampuni ya Google, ambao simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008. Mifumo hiyo ilianza na siasa mbili tofauti za matumizi.

Apple ilianza kwa mkono wa birika. Programu za watu wa nje hazikuruhusiwa kufanya kazi nyuma ya pazia. Mwenye simu akifungua programu nyingine, ile ya kwanza ilisimama. Mwaka 2010, katika toleo la nne, ruhusa ilitolewa kwa kazi maalum tu, kama vile kupiga muziki, kupokea simu za intaneti na kuongoza njia.

Android ilianza kwa mkono wazi. Kwa kawaida simu hulala kila kioo kinapozimwa, prosesa ikapumzika karibu kabisa. Lakini programu yoyote iliyopewa ruhusa iliweza kuweka kizuizi cha usingizi, yaani kuiambia simu: usilale, kazi yangu haijaisha. Mpango huo ulikuwa na maana nzuri. Mtu anayepakua faili hataki simu isinzie katikati. Lakini yule anayeweka kizuizi anapaswa kukiondoa amalizapo, na si kila mwandishi wa programu alikumbuka kufanya hivyo. Programu moja iliyosahau iliweza kuikesha simu usiku kucha ndani ya mfuko wa koti, mwenyewe akiwa hana habari. Mpango huo ulizusha ubishi mrefu hata miongoni mwa mafundi wa Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android, na ilikuwa mwaka 2012 ndipo mpango wa namna hiyo ulipopata nafasi rasmi katika kiini hicho.

Wala siasa ya mkono wa birika haikuzuia kila ubadhirifu. Mwezi Oktoba, 2015, watumiaji wa iPhone walilalamika kwamba programu ya Facebook ilikuwa ikila betri hata isipotumika. Kampuni yenyewe ilichunguza ikakiri makosa mawili. Kwanza, sehemu ya programu iliyoshughulikia mtandao iliifanya prosesa izunguke katika swali lile lile bila kupata jibu. Pili, mtu alipotazama video kisha akatoka, njia ya sauti iliachwa wazi, na programu ikaendelea kuwa macho kana kwamba bado inapiga sauti. Hapo pana funzo kwa kila mwanaushirika: mtumiaji mmoja asiyefunga mlango aweza kuimaliza hazina ya wote bila kukusudia wizi.

KANUNI ZA MATUMIZI ZAWEKWA

Kuanzia mwaka 2014 Android ilibadili siasa yake hatua kwa hatua. Toleo la tano la mwaka huo lilileta hali ya kuokoa betri, pamoja na ratiba ya pamoja ya kazi. Badala ya kila programu kujiamulia saa yake ya kuamka, programu hutakiwa kueleza kazi na masharti yake, kwa mfano "ifanyike simu ikiwa kwenye chaji", nao mfumo huzikusanya kazi nyingi na kuzifanya kwa pamoja. Hiyo ndiyo kanuni ya lori iliyotajwa hapo awali.

Toleo la sita la mwaka 2015 lilileta utaratibu uitwao Doze. Simu ikiwa haichajiwi, kioo kimezimwa, na haijasogezwa kwa muda, mfumo huanza kuisinzisha. Programu hukatiwa mtandao, kazi zao huahirishwa, na vizuizi vyao vya usingizi hupuuzwa. Kila baada ya muda hufunguliwa dirisha fupi ili kazi zilizolimbikizwa zifanyike, na kadiri simu inavyokaa bila kuguswa ndivyo madirisha hayo yanavyozidi kuachana. Mwaka 2016 utaratibu huo ulilegezwa masharti, ukaanza kufanya kazi kwa kiasi hata simu ikiwa mfukoni mwa mtu anayetembea.

Toleo la tisa la mwaka 2018 lilikwenda mbali zaidi kwa kuzigawa programu katika makundi: zinazotumika sasa, zinazotumika kila siku, zinazotumika mara kwa mara, na zinazotumika kwa nadra. Mfumo huchunguza mazoea ya mwenye simu na kukisia ni programu ipi ataifungua. Ile isiyotarajiwa kufunguliwa hupewa nafasi chache za kuamka. Baadaye liliongezwa kundi la waliobanwa kabisa, ambao kazi zao huruhusiwa mara moja tu kwa siku.

Mfumo huongoza pia kasi ya prosesa. Prosesa ikiongezwa kasi huhitaji volti kubwa zaidi, na matumizi ya umeme hupanda haraka kuliko kasi yenyewe, kwa sababu hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Kwa hiyo simu nyingi zina viini vya aina mbili, vyenye nguvu na visivyotumia umeme mwingi. Kazi nyepesi hupelekwa kwa viini vyepesi, na vile vikubwa huamshwa panapokuwa na mzigo, kisha vikalazwa tena.

KANUNI NJEMA NA MADHARA YAKE

Kanuni hizi zimerefusha maisha ya chaji, lakini hazikuja bila gharama, na hapa ndipo lilipo lile fumbo la tangazo lililochelewa. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, wito wa sauti, na menyu za fedha zinazofunguliwa kwa nyota na reli hazipiti katika programu zilizosinzishwa. Huingia moja kwa moja kupitia redio ya simu, nayo huamka kuzipokea. Lakini ujumbe wa programu za intaneti ni mambo mengine. Mwandishi wa programu aweza kuuwekea alama ya dharura ili upenye usingizi wa Doze, na programu nyingi za mawasiliano hufanya hivyo. Programu isiyofanya hivyo, au iliyowekwa katika kundi la waliobanwa, husubiri dirisha lifunguliwe au mwenye simu aifungue.

Zaidi ya hapo, baadhi ya watengenezaji wa simu za Android wameongeza kanuni zao wenyewe juu ya zile za Google, kali kuliko zile za asili. Lengo lao ni kuonyesha sokoni kwamba simu zao hukaa na chaji. Waandishi wa programu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba programu zao huuawa kimya kimya: saa za kuamsha zikakosa kulia, vipima hatua vikasimama, ujumbe ukachelewa. Mtumiaji huona programu mbovu, ilhali programu ilinyongwa na mfumo uliodai kumsaidia.

Hili si shauri la kupinga kanuni. Hazina isiyo na kanuni huliwa. Lakini mtunza hazina anayekataa malipo ya dawa ya mifugo ili aonyeshe salio kubwa mwisho wa mwezi hajaisaidia jumuiya. Kubana matumizi kuna maana pale tu mwenye mali anapojua nini kimebanwa, na anapoweza kusema: hiki kisibanwe.

TAARIFA ILIYOFICHWA

Ndugu Wajumbe, kisa kinachofuata kinaonyesha kwa uwazi zaidi jambo lililo hatarini.

Mwaka 2016 wenye simu za iPhone 6 na 6s walianza kulalamika kwamba simu zao huzimika ghafla ingali ipo chaji. Chanzo kilikuwa kile kilichokwisha elezwa: betri kuukuu zilishindwa kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Mwezi Januari, 2017, Apple ilitoa toleo la 10.2.1 la mfumo wake. Ndani yake iliwekwa kanuni mpya: mfumo ukiona betri imechakaa, upunguze kasi ya juu kabisa ya prosesa, ili isidai umeme kuliko uwezo wa betri. Kwa upande wa ufundi, wazo hilo lilikuwa na busara. Kuzimika kulipungua.

Ila wenye simu hawakuelezwa waziwazi. Mtu aliiona simu yake imekuwa nzito, akadhani imezeeka, na wengi walikwenda kununua mpya kwa mamia ya dola, ilhali betri mpya tu ingeirudishia kasi yake. Mwezi Desemba, 2017, John Poole wa kampuni ya Primate Labs alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba simu za aina ile ile zilikuwa na kasi tofauti kulingana na toleo la mfumo. Siku chache baadaye Apple ilikiri kuwapo kwa kanuni hiyo, na tarehe 28 Desemba iliomba radhi. Bei ya kubadilishiwa betri ilishushwa kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018, na mwezi Machi, 2018, toleo la 11.3 likaleta ukurasa unaomwonyesha mwenye simu afya ya betri yake na kumruhusu aizime kanuni hiyo akitaka.

Vyombo vya sheria navyo vilifuata. Mwezi Februari, 2020, Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wanunuzi. Mwaka huo huo kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza shauri la wateja nchini Marekani, na mwezi Novemba dola milioni 113 kwa majimbo yaliyoishtaki. Kampuni haikukiri kuvunja sheria, na ilishikilia kwamba haijapata kufanya jambo la makusudi kufupisha maisha ya simu ili kuuza nyingine.

Wanaushirika hawahitaji kuamua kama nia ilikuwa njema au mbaya. Kanuni ya ushirika ni ya zamani na ni wazi: mtunza hazina aweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini akifunga vitabu ameshakosa. Uamuzi uliofanywa kwa siri juu ya mali ya mtu hubaki kosa hata ukiwa na manufaa, kwa kuwa unamnyang'anya mwenye mali nafasi ya kuchagua njia ya gharama ndogo. Hapo mwenye simu alinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya betri ya dola 79 na simu mpya.

Somo hilo limeanza kuingia katika sheria. Tangu tarehe 20 Juni, 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya aina hiyo kuacha kuingizwa sokoni, na marekebisho ya mfumo endeshi yaendelee kutolewa kwa angalau miaka mitano. Mnunuzi wa huku hana sheria hiyo mkononi, lakini anaweza kuuliza maswali hayo hayo kabla ya kutoa fedha. Vyama vinavyonunua simu kwa pamoja vinaweza kuuliza kwa sauti kubwa zaidi kuliko mtu mmoja mmoja.

MAMBO YA KUTEKELEZWA

Yafuatayo yanapendekezwa kwa kila chama kinachotumia simu katika kazi zake.

(a) Katibu afungue ukurasa wa betri katika mipangilio ya simu angalau mara moja kwa wiki. Humo mna orodha ya programu na kiasi kila moja ilichotumia. Hicho ndicho kitabu cha hazina. Programu isiyo na kazi katika chama na ambayo iko juu katika orodha, ibanwe au iondolewe.

(b) Programu ambazo kazi ya chama inazitegemea ziondolewe katika kundi la kubanwa, kwa kuzipa ruhusa ya kutumia betri bila vizuizi. Ruhusa hiyo itolewe kwa programu mbili au tatu tu. Kila programu ikiwa ya dharura, hakuna dharura tena.

(c) Tangazo la mkutano mkuu, la malipo au la kubadili tarehe lisitegemee programu ya intaneti peke yake. Litumwe pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na libandikwe ubaoni.

(d) Mazoea ya kuzifagia programu zote kila baada ya dakika chache yaachwe. Programu iliyotulia haili nguvu nyingi. Kuifunga kabisa kisha kuifungua upya hula zaidi. Afungwe yule tu aliyethibitika kuwa mharibifu.

(e) Mwanga wa kioo upunguzwe, na muda wa kuzimika kwake ufupishwe. Kuhusu rangi nyeusi ya kioo, ifahamike kwamba husaidia simu zenye kioo cha OLED, ambamo kila nukta hujitolea mwanga wake na nukta nyeusi huzimika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba mwanga ukiwa wa wastani, wa asilimia 30 hadi 50, faida yake ni asilimia 3 hadi 9 tu, ila mwanga ukiwa wa juu kabisa hufikia asilimia 39 hadi 47. Simu za bei nafuu zenye kioo cha LCD, ambacho taa yake huwaka nyuma muda wote, hazifaidiki na rangi hiyo.

(f) Mahali pasipo na mtandao kabisa, redio izimwe kwa kuweka simu katika hali ya ndegeni hadi itakapohitajika. Hii ni nafuu kuliko kuiacha ihangaike kutafuta mnara kutwa nzima.

(g) Simu ichajiwe kivulini, mahali penye hewa, wala isifunikwe. Si lazima ijazwe hadi asilimia 100 kila mara, wala isiachwe iishe kabisa. Simu nyingi mpya zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, nao utumike inapowezekana. Simu ya akiba ya chama ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu.

(h) Simu ya chama ikianza kuwa nzito au kuzimika ghafla, afya ya betri ikaguliwe kwanza kabla ya bodi kuidhinisha ununuzi wa simu mpya. Betri iliyovimba isitumike tena wala isitobolewe, kwani yaweza kushika moto. Ipelekwe kwa fundi.

(i) Siku ya kupokea mazao daftari la karatasi liwepo mezani, pamoja na simu ndogo ya kawaida yenye laini ya chama. Chombo cha akiba si dalili ya kubaki nyuma. Ni busara ile ile inayokifanya chama kiwe na mfuko wa akiba.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Wajumbe, ushirika ulijengwa juu ya mashaka yenye afya: kila anayeshika mali ya wengine, hata awe mwema namna gani, hutakiwa kuonyesha vitabu. Simu imeingia katika kazi ya chama na imekuja na mtunza hazina wake, anayeamua kila sekunde nani alipwe na nani asubiri. Kazi yake ni njema na ni ngumu. Basi na awe chini ya utaratibu ule ule: asomewe hesabu, akosolewe anapokosea, na neno la mwisho libaki kwa mwanachama. Kila katibu arudipo chamani aianze kazi hiyo kwa kufungua ule ukurasa wa betri mbele ya mjumbe mwenzake, ili wausome pamoja.